Koja la Aliye Hai

Bhaskar, baba yangu mdogo, alikuwa mtu wa vifaa katika studio moja ya Goregaon, Mumbai, na katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia. Mwambie unataka bunduki ya mti au mungu wa plasta mwenye mikono sita, kabla hujamaliza sentensi ameshakuwekea. Asubuhi hiyo mvua ya Agosti ilikuwa inamwagika kama kawaida yake, naye amekaa juu ya sanduku, chai ya tangawizi mkononi, anawatania wapaka poda.

Na la kutania lilikuwepo. Tamthilia yao ilikuwa imetimiza miaka tisa na sasa iko msimu wa mwisho, na msimu wa mwisho ni kama harusi iliyoishiwa pilau: wenye akili wameshaondoka, waliobaki wanachezea sahani. Mtoto wa kiume wa familia alikuwa amefikia sura ya tatu, yaani mwigizaji wa tatu. Ya kwanza iliungua moto, ya pili ikazama mtoni, na kila mara mkewe anamkumbatia mgeni huku analia "mume wangu", wala haulizi. Nyumbani nako watu wanalia. Nyie watazamaji, nyie.

Sasa ikaja zamu ya Vasundhara, aliyecheza mama mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Bhaskar alimwita Tai, dada mkubwa, na haki hiyo alikuwa nayo. Kwao walizaliwa wanaume watupu. Dada alimpata studio. Kila mwaka, siku ya rakhi, Vasundhara alimfunga uzi wa undugu mkononi, mafundo matatu, kisha akamlisha kipande cha halua kwa mkono wake. Na mwanamume anayefungwa uzi huo anakuwa ameapa kumlinda aliyemfunga. Si mchezo wa kuigiza huo.

Kamat, msimamizi wa studio, akaja na picha ya Tai kwenye fremu, amecheka meno yote nje, na koja la maua ya rangi ya chungwa. Mama amekufa usingizini, akasema. Mtundike ukutani, mvishe koja.

Kwetu picha yenye koja ni ya marehemu, hakuna mjadala. Ndiyo maana studio ile ilikuwa na mwiko wake: mwigizaji aliye hai anakuja mwenyewe, anaicheka picha yake kwa sauti, nazi inapasuliwa, ndipo koja linapanda. Kamera ikizimwa, linashuka hapo hapo.

"Tai ameshakuja kucheka?" Bhaskar akauliza.

"Hajui hata kama tumemwachisha kazi," Kamat akajibu chini chini. "Utamwambia wewe? Haya basi, tundika, bwana."

Hakumwambia. Akatundika.

Na jioni hakulishusha. Kesho yake wangerekodi maombolezo yale yale, na ua moja tu likihama mahali pake, mtazamaji analiona. Kwa hiyo akaliacha lilivyo, kama fundi anayejua kazi yake. Ufundi huo huo ndio uliomponza.

Siku ya pili maua hayakuwa yamenyauka. Chini ya taa za studio hata binadamu ananyauka, lakini yale yalikuwa na umande.

Siku ya tatu, midomo ya picha ilikuwa imefumba.

Akafuta kioo kwa shati. Imefumba.

Adhuhuri wenzake wakaenda kula. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Tai. Bhaskar akajua Tai amegundua, anataka kumtukana, na kwa kweli angefurahi kutukanwa.

"Bhaskar," sauti ikanong'ona. "Shingo inaniuma. Kama nimevishwa kitu kizito."

"Kitu gani, Tai?"

"Sijui. Kinanukia maua. Kesho ni rakhi. Sijui kama mkono wangu utafika."

Ikakatika.

Alikimbia. Akapanda ngazi. Akalishika koja. Halikuja. Lilikuwa zito kama ndoo iliyojaa maji. Akavuta kwa mikono miwili, analia, kamasi zinamtoka, mtu mzima yule.

"Cheka, Tai. Mara moja tu. Cheka."

Na ndani ya studio ile isiyo na mtu, mtu akacheka.

Ni kicheko chake, kile kinachoanzia puani na kuishia kwenye kikohozi. Hakikuwa mbali. Kilikuwa nyuma ya sikio.

Koja likakatika. Maua yakamwagika miguuni. Naye Bhaskar, mpumbavu wa Mungu, akacheka pia, maana mwiko ulikuwa umetimia na dada yake amepona. Akampigia simu ampe habari.

Alipokea mwanamke, jirani. Akamwambia Tai amekutwa alfajiri kwenye kiti, mbele ya televisheni, ameshapoa. Jana jioni ndipo walipoonyesha kifo cha mama. Mezani palikuwa na boksi la halua lenye jina la Bhaskar juu yake. Na simu hii, jirani akasema, ninayo mimi tangu asubuhi. Haijapiga popote.

Walipofagia, waliyapata maua yote. Uzi uliokuwa umeyatunga hawakuuona.

Kesho yake, penye kuni za kumchomea Tai, Bhaskar aliinua mkono kufuta machozi akauona. Uzi wa pamba, wa njano, kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mafundo matatu.

Tamthilia iliendelea wiki tatu zaidi. Walimleta pacha wa mama aliyekuwa amepotea, mwanawe akamkumbatia, wala hakuuliza. Bhaskar hakurudi pale tena. Sasa anatengeneza miavuli mtaa wa Dadar.

Uzi bado anao. Kila mwaka, asubuhi ya rakhi, anaukuta umeongezeka fundo moja. Mwaka huu nimeyahesabu mwenyewe: kumi na moja. Nikamtania, nikamwambia, baba, mkasi si huu hapa, ukate yaishe. Hakucheka. Alichukua kidole changu akakipitisha chini ya uzi, kikapita bila kugusa ngozi.

"Haunibani," akasema. "Ungenibana kidogo, ningeshukuru."

Nilipokitoa, kidole kilinukia maua.