Kamera ya Kwanza ya Mama Latifa

Kila siku ya gulio, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Usambara, Latifa na mama yake walikuwa kijitoni wakiosha karoti. Maji yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Mama aliosha polepole, akigeuza kila karoti. Latifa aliosha upesi upesi, na karoti zake zilifika sokoni zikiwa bado na udongo shingoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye akili darasani, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: haraka. Asubuhi hiyo ulimzidi, kwa sababu mama alikuwa anakwenda kununua kamera.

Miaka ile bidhaa kutoka nje zilikuwa zimeanza kujaa masokoni, na vitu ambavyo zamani walikuwa navyo wageni tu sasa vilipatikana kwa mtumba. Mama Latifa alikuwa ameona nafasi yake. Katika harusi za kwao, mpiga picha mwanamume hakuruhusiwa kuingia chumba cha wanawake. Bibi harusi alipakwa hina, akapambwa, akachezewa ngoma na mashangazi, na yote hayo yakapita bila picha hata moja. Mama alisema anayepaswa kuingia mle na kamera ni mwanamke. Akacheza upatu na wenzake, na zamu yake ilipofika, fedha zilitosha kamera moja tu. Akikosea, hakuna nyingine.

Bwana Thomas, mwenye studio ya picha mjini Lushoto, aliwapa ushauri bila kinyongo, kwani chumba kile yeye hangeingia kamwe. Aliwaambia wasidanganywe na mng'aro. Waifungue lenzi kutoka kwenye kamera, waielekeze kwenye mwanga na kuichungulia, maana kwa unyevu wa milimani kuvu huota ndani ya vioo vyake. Wakiona nyuzi kama utando wa buibui, waiache.

Gulioni, Nikodemo muuza redio na kamera aliwaonyesha kamera moja yenye lenzi mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, na bei yake ilimaliza fedha zote. Nyingine ilikuwa fupi, imekwaruzika pembeni kama sufuria ya zamani, na bei yake ilikuwa nafuu. Latifa aliipenda ile ndefu mara moja. Kwa macho yake, mpiga picha wa kweli alikuwa mtu mwenye lenzi ndefu.

Mama alikuwa akipatana bei, kwa hiyo kazi ya kukagua alimpa Latifa. Wateja wengine walikuwa wamesimama pale wakitazama. Latifa hakujua lenzi inafunguliwaje, na aliona haya kuuliza mbele yao. Akaweka jicho kwenye kidirisha cha kamera, akaona soko limefifia. Lakini asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Hata bila kamera, Lushoto nzima ilikuwa nyeupe. Akaona hapo hapana neno.

"Umeichungulia kwenye mwanga, kama tulivyoambiwa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Mama hakuuliza tena. Akalipia kamera na ile lenzi ndefu.

Alasiri ukungu uliondoka na jua likawaka. Latifa akachukua kamera, akaielekeza kwenye shamba la kabichi. Shamba lilikuwa limefifia vilevile. Akaitoa jichoni, akaona kila jani. Akairudisha, akaona weupe. Alihangaika na lenzi mpaka ikafunguka, akaielekeza juani, na nyuzi zikaonekana zimetandaa ndani ya kioo. Alifuta kwa pindo la kanga mpaka mkono ukachoka. Hakuna kilichotoka, kwa kuwa uchafu ulikuwa ndani.

Tangu hapo chakula hakikumpita vizuri. Kila mama alipoifuta kamera na kuifunika kwa kitambaa, Latifa alitoka nje. Alijiambia kwamba labda picha zitatoka tu. Halafu akajiambia kwamba atasema kesho, na kesho ikifika anasema kesho kutwa. Mama, kwa furaha yake, alikwisha kukubali kazi ya kwanza: harusi ya Nasra, msichana wa ukoo wao, kule Vuga.

Nasra mwenyewe alikuja kumshukuru. Alisema bibi yake aliyemlea yuko kijiji cha Zirai, amepooza miguu, hataweza kufika harusini.

"Nitampelekea picha, mama mdogo," akasema. "Bibi hataniona nimepambwa isipokuwa kwa kamera yako."

Latifa alikuwa akipepeta maharage. Nasra alipoondoka tu, akauweka ungo chini.

"Mama, ile lenzi ni mbovu. Ina kuvu ndani. Na siku ile sikuichungulia kwenye mwanga. Nilisema uongo."

Mama aliongea Kishambaa kitupu, kama alivyofanya kila alipoumia, akauliza kwa nini. Latifa akajibu huku akilia kwamba hakujua kuifungua, akaona haya kusema hajui. Mama hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua kamera, akaielekeza dirishani, akazitazama zile nyuzi mwenyewe. Kisha akasema kwamba siku ya gulio watarudi kwa Nikodemo, na msemaji atakuwa Latifa.

Njia nzima Latifa aliogopa mawili: kwamba hawatamkuta Nikodemo, na kwamba watamkuta. Walimkuta. Aliposikia habari ya kurudisha, alikunja uso, akasema kitu kikishatoka mezani kwake hakirudi.

"Shikamoo tena, baba," Latifa akasema, sauti ikikwama. "Kosa la kutokagua ni langu. Nilimwambia mama nimekagua, kumbe sikukagua. Lakini lenzi ina kuvu ndani, na mama ana harusi ya watu. Naomba uitazame."

Nikodemo aliielekeza juu, akatazama, akaguna. Wateja walikuwa wakisikiliza. Mwishowe akakubali kuwapa ile lenzi fupi, ila tofauti ya bei hakuirudisha. Safari hii mama na Latifa waliichungulia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka Nikodemo akawauliza kama wanatafuta sindano. Fedha ya filamu ikabidi itoke kwenye karoti, na Latifa ndiye aliyezichimba na kuzibeba.

Harusini mama aliwasogelea wanawake karibu sana, kwa sababu lenzi fupi haivuti. Filamu ikapelekwa Tanga mjini kusafishwa. Kungoja kukaanza. Bahasha ilipofika, Latifa alimwachia mama aifungue.

Hina ilionekana mpaka michirizi yake. Nasra alikuwa akicheka na machozi yamemlenga. Picha moja tu iliharibika: mama alikuwa amemkata shangazi mmoja kichwa.

Walipozipeleka Vuga, mama aliitoa ile mbaya kwanza, akaiweka juu, akasema, "Hii nimeikosea mimi, sitaitoza fedha." Shangazi akacheka, akaiomba hivyo hivyo, akisema nguo yake imetoka vizuri. Nasra alichagua ya kwenda Zirai, akaifunga kwenye leso.

Wakirudi nyumbani, Latifa alimuuliza mama kwa nini hakuificha picha ile katikati ya nyingine.

"Kutojua si aibu, mwanangu," mama akasema. "Siku ile ungeniambia hujui kufungua lenzi, tungemwomba Nikodemo atuonyeshe, na tungekwenda zetu na kitu kizima. Mimi sikuinunua kamera kwa macho yangu. Niliinunua kwa neno lako. Na wale nao hununua picha kwa neno langu."

Mama akavua mkanda wa kamera shingoni, akamvisha Latifa, nao wakaendelea kupanda mlima.