Jiwe Lililolazwa Kifudifudi

Asubuhi hiyo Ishbel Rattray alimkuta baba yake amelala kifudifudi, kinywa kimejaa udongo. Mzee Erchie alikuwa hajatoka nje tangu mvua zianze, lakini chumba kizima kilinuka kaburi.

"Tema, baba," Ishbel alinong'ona, akimfuta kwa taulo. "Umeutoa wapi?"

Mzee akageuzia uso ukutani. "Lile jiwe mnaliinua lini?"

"Leo. Wageni wanafika kesho."

Wageni ni binamu zao wa Kanada, waliokuwa wakija kulipiga picha jiwe la kaburi la akina Rattray. Ishbel ndiye aliyelisoma, akiosha herufi kwa maji na sifongo, akaunga ukoo babu kwa babu, kisha akajigamba kwa kanisa zima. Lilikuwa jiwe la kulazwa juu ya kaburi, limezama upande mmoja, naye alitaka likae vizuri.

Makaburini, Wull fundi mawe alilipenyezea mtaimbo, akaliegemeza ukutani. Upande uliolalia udongo ulikuwa na maandishi ya kale zaidi: Janet Gow na wanawe. Akina Rattray walikuwa wamempindua mama wa watu, wakaandika majina yao mgongoni kwake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hapa alikuwa Wull.

"Kumbe mliiba," alisema bila utani. "Niliache hivi, Ishbel? Asomeke?"

Uso ulimwaka Ishbel. Akilini aliwaona binamu na kamera zao, akaliona kanisa likimcheka kwenye chai ya Jumapili, na kutoka pale palipofunuliwa ukapanda mhemo wa pumzi, kama wa mtu aliyezibwa kinywa miaka mingi akapata upenyo, ukaja taratibu na harufu ile ile ya chumbani kwa baba, ukamzunguka miguu, ukatulia ukingoja jibu lake.

"Lirudishe lilivyokuwa," akasema. "Na usimwambie mtu."

Nyumbani, baba yake aliyaona matope ya viatu vyake, akajua jiwe limeinuliwa.

"Nami baba alinionyesha," alisema akitazama chini. "Nikasema nitaligeuza. Aibu ikanishinda, mwanangu. Pepo wa Janet hapungwi kwa sala, anataka jina lake tu. Umeligeuza?"

"Ndiyo, baba."

Mzee alilia kwa faraja, na usiku ule akalala chali kama mtoto. Ishbel alishindwa hata kumtazama.

Asubuhi honi ya binamu ilimwamsha. Alitaka kuitika. Lakini alikuwa amelala kifudifudi, na ulimi wake ulikosa pa kugeukia kwa udongo.