Mgeni wa Njia ya Kando

Walilipita katapila lile mara ya tatu kabla mtu yeyote garini hajathubutu kusema kwamba ni lile lile.

Lilikuwa la manjano, limesimama juu ya kifusi cha udongo mwekundu, na kwenye meno yake kimenasa kitambaa cheupe kilichochanika. Mohsin alikaza macho mbele, akakata usukani, akaendelea na njia ya kando kama alivyoelekezwa asubuhi na kibarua mwenye bendera nyekundu. Mwaka ule wa hamsini na nne barabara ya kutoka mpakani kuja Tanga ilikuwa inapanuliwa, na kila penye kazi magari yaliteremshwa porini, yakazunguka mashamba ya mkonge, kisha yakarudi barabarani mbele ya safari. Ndivyo walivyoambiwa. Wao walikuwa wanazunguka tangu saa tatu, na sasa jua limefika utosini.

"Mohsin, mwanangu," mama yake, Bi Shariffa, alisema kutoka kiti cha mbele, "njia hii ina mwisho?"

"Ina mwisho, mama. Njia gani isiyo na mwisho?"

"Hii."

Mastura, mke wa Mohsin, alikuwa peke yake kiti cha nyuma, mikono chini ya tumbo, amelishika kama mtu anayebeba mtungi uliojaa. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mbili zilizoitangulia ziliharibika, zote katika mwezi huo huo, na ndiyo maana alikuwa anatolewa Moa kupelekwa Tongoni kwa mama yake, akajifungulie mikononi mwa watu wa kwao. Alikuwa amechoka hata kukunja uso.

Rejeta ikachemka. Mohsin akachukua debe, akaenda kutafuta maji kwenye kambi ya vibarua. Bi Shariffa akatandika msala nyuma ya kichaka, akaswali adhuhuri. Mastura akafungua mlango apate upepo, akafungua na kikapu: mikate ya mofa na samaki wa kukaanga. Mtoto alikuwa anampiga mateke, naye aliyapenda mateke yale kuliko usingizi.

Akiwa anatafuna ndipo alipoviona vitu alivyovipita mara tatu asivione. Kisiki cha mkuyu. Vipande vya vyetezo vilivyosagwa na magurudumu. Matambara mekundu na meupe, chupa tupu za marashi. Hapa palikuwa mzimuni. Watu walifukiza ubani mahali hapa tangu bibi za bibi zao, na katapila lilipafumua kwa asubuhi moja, wala hakuna aliyebisha.

"Hodi."

Sauti ilitoka upande wa mlango ulio wazi. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetembea sana. Na Mastura, aliyelelewa akaleleka, akajibu mdomo ukiwa umejaa mkate, kama mtoto yeyote wa pwani anavyojibu akikutwa anakula:

"Karibu."

Kiti kikabonyea ubavuni mwake.

Mohsin alirudi, akajaza maji, akawasha gari. Kona ya kwanza tu, barabara kuu hiyo, nyeupe, imenyooka mpaka macho yanapokoma. Hakuna aliyeshukuru. Gari lilikuwa limezama mkia kama limepakia magunia ya chumvi, na ndani kulinuka ubani wa zamani na udongo wa chini sana, ule usioonja jua ila siku ya kuzika.

"Mastura," Bi Shariffa alinong'ona bila kugeuka. "Nani amekaa na wewe?"

"Hakuna mtu, mama."

"Sikuuliza mtu."

Mastura akakitazama kiti kilichobonyea ubavuni mwake. Kisha akasema, "Kulipigwa hodi."

"Ngapi?"

"Moja."

"Moja, nawe ukaitikia! We binti, hodi ya jua la utosi husubiriwa mpaka ya tatu! Binadamu hupiga tatu. Wao hupiga moja."

"Nilikuwa nakula, mama. Si wewe uliyenisuta mbele ya mawifi zangu kwa kuchelewa kumkaribisha muuza mkaa?"

"Muuza mkaa namjua hadi baba yake!"

"Nyamazeni," Mohsin alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Anasikiliza."

Wakanyamaza. Lakini hebu tuulizane, maana Mastura alijiuliza njia nzima: aliyemvunjia mwenzake nyumba kwa chuma anaitwa fundi na analipwa mshahara, aliyemwambia karibu ndiye anayetazamwa kama mchawi. Kosa ni la nani? Angelijibu swali hilo vizuri sana, kama si kwamba walipokuwa wanavuka mji wa Tanga aliweka mkono tumboni, akangoja, akangoja tena, na mateke yalikuwa yamekoma.

Tongoni walifika alasiri. Bi Semeni, mama yake Mastura, alitoka kuwalaki akiwa na kicheko, kikamfia mdomoni aliposikia kishindo cha mlango wa gari ukifungwa baada ya wote kuwa wamekwisha shuka.

Mgeni akaingia nao. Maji ya mtungi yakawa yanapungua bila kata kuguswa. Mkeka wa chumbani kwa Mastura ukawa na shimo la mtu aliyekaa, mbele ya kitanda, na shimo hilo halikuhama. Mohsin alimleta shekhe wa msikitini, akasoma mpaka sauti ikakauka; udi ukafuka, mgeni akatulia tuli kama msikilizaji mwenye adabu.

Siku ya pili akaja mkunga, Bi Mboni, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyovimba, aliyeamka tangu alfajiri kwa mzazi mwingine. Aliweka sikio tumboni kwa muda mrefu.

"Yu hai," alisema. "Amejikunyata. Ungekuwa wewe ungetoka, na mtu amekaa mlangoni?"

"Mfukuze, dada yangu," Bi Semeni alimsihi.

"Simfukuzi. Waliomfukuza ni watu wa barabara, na mnaona alikofikia. Huyu hakuvamia, amekaribishwa."

"Basi ni mgeni," alisema Bi Shariffa, macho yamemwiva kwa kukesha. "Na mgeni ni siku mbili. Ya tatu hupewa jembe."

Bi Mboni alimtazama. "Mlangoni atatoka, hilo nakubali. Aende wapi, hilo hamjaniuliza."

Hawakumuuliza. Walikuwa wamechoka mno.

Siku ya tatu, adhuhuri, wakampa Mastura jembe, kwa kuwa karibu ilitoka kinywani mwake. Alilinyanyua kwa mikono miwili juu ya mkeka. "Mgeni wangu, umekula vyetu siku mbili. Leo ya tatu. Pokea." Na lile jembe likawa jepesi ghafla, si kwamba limeanguka, bali lilibaki hewani mbele yake kwa kuwa mpini ulikuwa umeshikwa upande wa pili, na kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele shimo la mkekani likajaa, pazia la mlango wa uani likajisogeza, na huko nje, nyuma ya nyumba, udongo ukaanza kupigwa, pu, pu, pu, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi, na kila pigo lilipotua uchungu ulimkata kiunoni, likipumzika unapumzika, likiharakisha unaharakisha, hata wale wanawake watatu waliomshika hawakujua tena kama wanasikiliza jembe au wanamsikiliza Mastura, mpaka sauti mpya ikajitokeza katikati yao, nyembamba, yenye hasira, na mtoto wa kike akalia.

"Yu hai!" Bi Mboni alicheka, akakaa chini pale pale. "Mzima, na mateke yake!"

Bi Shariffa alilia kwa kwikwi. Kisha akamwita mwanawe aliyekuwa uani. "Mohsin! Ameondoka?"

Mohsin alikuwa ameupa mlango mgongo, anatazama shambani.

"Amejenga," alisema.

Mastura alijifunga kanga, akaegemea ukuta mpaka mlango wa nyuma, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumzuia. Kwenye shamba la mihogo la mama yake palikuwa pamechimbwa msingi wa nyumba, umepigwa mraba, mlango wake ukitazamana na mlango wao. Ubavuni mwake palikuwa na msingi wa pili. Nyuma yake wa tatu, wa nne, na vichochoro katikati, na uwanja, na mahali pa kisima, ikiteremka hivyo safu kwa safu mpaka kwenye minazi. Aliyepiga hodi alikuwa mmoja. Barabara ilikuwa imevunja mji.

"Tuhame," Bi Semeni alinong'ona.

"Twende wapi, mama?" Mastura alisema, mtoto kifuani. "Na sisi tukapige hodi kwa nani?"

Ng'ambo ya minazi jembe lilikuwa bado linalia. Likanyamaza kidogo, kama linavyonyamaza linapopokezanwa, kisha likaanza tena, kwa mkono mwepesi zaidi, mkono wa mtoto.