Wajomba Wawili Wasiotajwa

Mtoto umleavyo sivyo akuavyo. Wahenga walisema kinyume chake, lakini hawakumwona Bosi.

Bosi alikuwa na miezi tisa na alivaa nguo za mtoto wa miaka miwili. Kila asubuhi kabla ya shule dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpakata huku mama yao, fundi cherehani, akifumua mishono ya suruali aliyoishona mwezi uliopita. Majirani walimsifu mama kwa kulea. Walitania kwamba Bosi angenyoa ndevu kabla ya kuota meno. Mama alicheka nao. Bibi, mzaa mama, hakucheka.

Msichana alijua sababu. Siku moja wakimwogesha Bosi, bibi aliutazama ulimi wake mnene uliochungulia mdomoni, akasema taratibu kwamba kabla mama hajazaliwa, walizaliwa wajomba wawili wa namna hiyo hiyo. Wakubwa, wazito, wa kusifiwa. Wa kwanza hakumaliza mwezi. Wa pili alifika miaka miwili, tumbo likavimba upande mmoja, akaenda. Watu wakasema bibi anakula wanawe. Akahama mji, akafunga mdomo.

"Ukilitoa hili nje, mke mwenzangu," bibi alimwambia, "mama yako naye ataitwa mla watoto."

Msichana akalimeza. Likakaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki chache baadaye kliniki iliwapeleka kwa daktari wa watoto, katika chumba chembamba chenye mizani iliyochubuka rangi. Daktari alipima kichwa cha Bosi, akamfungua mdomo, kisha akauliza kama upande wa mama aliwahi kuzaliwa mvulana mkubwa kupita kiasi, au aliyefariki mdogo. Mama alimgeukia bibi. Bibi akajibu kuwa hakuna.

Daktari akaanza kuandika.

"Wapo," msichana akasema. "Wajomba wawili. Wa pili alivimba tumbo."

Kalamu ikasimama. Mama akamtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Siku hiyo hiyo Bosi alipigwa picha ya tumbo, na kwenye figo yake ya kushoto ukaonekana uvimbe mdogo, wa ukubwa wa gololi. Kwa nje usingeonekana kwa miezi mingi. Baada ya siku chache madaktari wakamfanyia upasuaji, wakaukata.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari aliwaketisha wodini. Alieleza kwamba mwilini kuna maelekezo yanayoitwa jeni. Jeni moja hutengeneza protini iliyovikwa minyororo ya sukari, inayokaa juu ya seli kama pini ambayo fundi huichomeka ukingoni mwa kitambaa: komea hapa. Kwa Bosi pini hiyo haikuwepo, na seli zilikuwa zikikua bila kukomea. Mama humrithisha mwanawe wa kiume kasoro hiyo bila yeye mwenyewe kuumwa.

"Na huyu?" mama aliuliza, mkono ukiwa begani kwa binti yake.

"Huenda naye anayo. Akikua, atachagua kupimwa au la." Daktari, ambaye sasa alikwisha simuliwa yote hata maneno ya watu, akamgeukia bibi. "Mama, hukumla mtu. Lakini ugonjwa wa ukoo haufi kwa kufichwa. Anayekufa ni mtoto."

Bibi alilia bila sauti, kilio cha miaka arobaini. Mama aliondoka kwenda kumnyonyesha Bosi, ambaye sasa alitakiwa kupimwa tumbo kila baada ya miezi mitatu kwa miaka mingi.

Daktari naye alipotoka, wakabaki wawili, bibi alijifuta uso. "Nilikuamini, ukanivua nguo mbele ya watu. Niombe radhi."

Msichana aliushika mkono wa bibi, mwepesi na mkavu. Machozi yalimdondoka.

"Pole kwa wajomba, bibi. Pole sana," alisema. "Lakini radhi siombi."