Mlango Wenye X

Lori lilipiga honi, Mwasiti akaruka na furushi lake la vitenge, akamparamia kijana mmoja mwenye kizibao cha rangi ya chungwa.

"Pole, dada. Tunduma hii ukizubaa unagongwa."

"Nimezubaa mimi, au umenizibia njia wewe?"

Alikuwa Twaibu, mkaguzi wa mazingira kwenye bomba la mafuta. Baridi ya Juni ilipoingia na upepo wake wa vumbi, walikwisha kuitana "mpenzi" na "roho yangu" kwenye simu, na mshenga ametajwa. Lakini nyumbani kwa Mwasiti alikuwa hapajui. Binti wa heshima hamwonyeshi mwanamume kwao kabla ya mshenga.

Ndiyo maana siku alipopita na kopo la rangi nyekundu, akiweka X ya kuvunjwa kwenye nyumba zilizovamia mkuza, ule ukanda wa bomba usioruhusiwa kujengwa, hakujua mlango ule ni wa nani. Ukafunguka. Mwasiti, khanga kiunoni, mikono ina unga.

"Twaibu? Umeleta mshenga au umeleta rangi?"

Twaibu aliweka kopo chini. "Roho yangu, sheria hairuhusu nyumba juu ya bomba. Likipasuka, mto na visima vyote vimekwisha. Na nyie pia."

"Paka basi. Halafu usinipigie tena."

Akapaka. Mpumbavu au mkweli, utaamua mwenyewe, mimi ningekimbia.

Alipiga simu asubuhi, akapiga jioni, haikupokelewa. Mwasiti aliitazama ikilia na hakula.

Salum, kaka yake, akaanza kuchimba choo kipya uani, kuonyesha kwamba hawahami ng'o. Sururu ikagonga chuma. Harufu kali ikapanda. Mwasiti akaikimbilia simu.

"Twaibu! Salum katoboa bomba!"

"Zimeni jiko! Tokeni wote, waambieni na majirani. Nakuja, mpenzi."

Alikuja mbio na mafundi. Pampu ikasimamishwa, mafuta yakazuiwa kwa udongo kabla hayajafika mtoni. Jioni alikaa ukingoni mwa barabara, matope hadi magotini. Mwasiti akamletea maji.

"Nyumba itavunjwa?"

"Itavunjwa. Siwezi kukudanganya."

Akalia. Aliililia nyumba alimozaliwa, na bado alimpenda aliyeipaka rangi.

"Mshenga wako yupo?"

"Yupo."

"Aje kabla ya greda. Nataka nitoke kwetu nikiolewa, si nikihamishwa."