Kumlisha Bibi

Siku za likizo, Chiriku alifuatana na mama yake kwenye mashine ya kusaga nafaka. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya maneno yake mengi. Walisema pale unga hutoka laini, lakini masikio nayo hutoka yamesagika. Kazi yake ilikuwa kumpokeza mama madebe, na mama humimina kwenye mdomo wa mashine.

"Lisha, lisha," mama alisema, sauti ikishindana na ngurumo. "Isisage hewa. Debe moja likiisha, lingine liwe tayari."

Kisha bibi, mama yake mama, akapata kiharusi. Aliporudishwa kutoka hospitali, upande mmoja wa mwili ulikuwa umelegea, mdomo umekwenda kombo, na maneno hayatoki. Mama hakuweza kuacha kazi, maana ndiyo iliyowalisha wote watatu. Alitoka alfajiri na kurudi bibi ameshasinzia.

"Utaweza kumlisha bibi?" alimwuliza Chiriku.

"Kulisha najua, mama. Si kazi yetu?"

Basi Chiriku akamlisha bibi kama walivyolisha mashine. Bibi alikuwa amelala chali. Kijiko kimoja kikiingia, cha pili kilikuwa tayari mbele ya mdomo. Mara bibi akapaliwa. Macho yalimtoka, uji ukamtoka puani, na kwa muda hakuvuta pumzi kabisa. Chiriku alimgeuza, akampiga mgongoni huku akilia. Pumzi ikarudi, lakini hofu ilibaki. Kesho yake ikawa vilevile.

Tangu hapo alimpa bibi vijiko vichache tu vya uji mwepesi. Uliobaki aliumwaga nyuma ya nyumba, ambako bata wa fundi viatu, jirani yao, walikuwa wakimsubiri.

"Bibi amekula?" mama aliuliza kila aliporudi.

"Amekula. Amemaliza."

Bibi akaanza kukonda. Bangili iliyokuwa ikimbana kwenye kifundo cha mkono ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko. Fundi viatu akatania kwamba bata wake wamenenepa kama waliorithi shamba. Mama akacheka kidogo. Chiriku hakucheka. Yeye aliyekuwa akiongea hata na ndoo, sasa alijibu kwa neno moja moja, na usiku alisikiliza kama bibi bado anapumua.

Jioni moja alimsikia mama akiongea na mjomba kwa simu. "Njoo umwone angali hai, kaka. Anakula, lakini chakula hakimkai mwilini. Mimi nimeshindwa." Kisha mama akaegemea ukuta, akalia bila sauti.

Akinyamaza, bibi atakufa. Akisema, mama atajua ni nani aliyekuwa akimuua bibi kwa njaa.

"Bibi hali chakula, mama," alisema. "Nilikudanganya. Akila anapaliwa, naogopa. Uji nawapa bata."

Mama hakumpiga, hata hakumkaripia. Akatoka mbio, miguu mitupu, kumwita muuguzi wa zahanati aliyeishi mtaa huohuo.

Muuguzi alimpima bibi kifua. "Ana njaa na kiu," alisema. "Kifua bado kizuri, uji haujaingia mapafuni. Mngekaa hivi siku chache zaidi, ningesema mengine. Nani anamlisha?"

"Mimi," Chiriku alijibu.

"Nionyeshe."

Chiriku akampa bibi kijiko kimoja, na papo hapo akachota kingine. Muuguzi akamshika mkono.

"Cha kwanza kimefika wapi?"

Chiriku akakitazama kijiko cha pili mkononi mwake.

Muuguzi akamketisha bibi wima kwa mito, akainamisha kidevu chake kidogo. Akaagiza uji upikwe mzito, kwa kuwa mwepesi humponyoka kooni. Ulipoiva, akachota robo ya kijiko, akauweka upande wa mdomo wenye nguvu. "Sasa tazama koo. Lipande, lishuke. Kabla ya hapo usiguse bakuli. Akimaliza, akae hivihivi kwanza, asilale."

Walitazama wote. Koo likapanda polepole, likashuka. Bibi hakupaliwa. Mama akaziba uso kwa viganja.

Muuguzi alipoondoka, mama alimvuta Chiriku karibu. "Kosa la kwanza ni langu. Nilikufundisha kulisha mashine, nikadhani nimekufundisha kulisha mtu. Mashine haijali nani anailisha. Mtu unamlisha huku unamtazama, unamngoja. Lakini sikiliza, mwanangu. Kuogopa si kosa. Ungesema siku ile ya kwanza, bibi asingefika hapa. Ukishindwa na jambo, sema umeshindwa, hata kama ni aibu."

Likizo ilipoisha, bangili ya bibi ilikuwa imeacha kuteleza, na bata walikuwa wamekata tamaa. Fundi viatu alikubali kumlisha bibi mchana, baada ya Chiriku kumfundisha yeye mwenyewe, kwa maneno mengi mno.

Jioni moja, bakuli likikaribia kwisha, bibi alimshika Chiriku mkono kwa ule mkono wake mzima. Akamnyang'anya kijiko, akachota, akakipeleka taratibu mdomoni mwa mjukuu wake.

Chiriku akameza. Bibi hakuchota tena mpaka alipoliona koo limeshuka.