Limo Kwenye Mpango

Maiti ililala kifudifudi chini ya mlingoti wa kupimia upepo, brashi bado iko mkononi. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa limepinduka, na rangi imechanganyika na damu kiasi kwamba koplo hakujua azungushie utepe wapi.

"Usikanyage kitu," Inspekta alimwambia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili, mwepesi wa ulimi. Alipanda kilima kile akihema na kulaani kila jiwe, lakini alipofika kwa marehemu alinyamaza. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuizoea maiti, wala hakutaka kuizoea.

Marehemu walimwita Bwana Ndege. Kampuni moja ilitaka kusimika minara ya umeme wa upepo juu ya kilima, naye ndiye aliyeongoza tathmini ya mazingira: minara itadhuru nini, na madhara yapunguzweje. Misimu miwili alikaa pale na darubini, akitazama tai wanapita njia gani na popo wanalala wapi. Watu walimcheka kwamba anajua ndege kuliko anavyojua binadamu.

"Kapigwa kisogoni, mara moja tu," daktari wa uchunguzi alisema. "Kitu kizito, butu. Jana jioni."

Aliyeitoa taarifa alikuwa mlinzi wa mlingoti, mzee mwembamba, mpole, amefunga vifungo vyote vya koti.

"Ulimkuta lini, mzee?"

"Alfajiri, afande. Nikizunguka."

"Na jana jioni?"

"Nilimwona anapaka rangi. Nikaenda kibandani kupika."

"Hukusikia chochote?"

"Upepo tu. Huku juu husikii kingine."

Koplo alimvuta Inspekta kando. "Afande, kesi hii imeshaiva. Juzi mhandisi wa kampuni alimfokea marehemu mbele za watu. Tumkamate."

"Kinachoiva haraka hivyo, kinuse kwanza," alijibu, akaanza kutembea.

Vigingi vyenye vichwa vyekundu vilisimama ukingoni kote, na mawe makubwa yalikuwa na alama ya X nyekundu. Mwisho wa ukingo alikuta kaburi, mawe yamepangwa vizuri, majani yameng'olewa. Hapo tu ndipo hapakuwa na kigingi. Palikuwa na mashimo mabichi vilipong'olewa. Mawe yenyewe yalinuka mafuta ya taa, na kwenye nyufa zake wekundu ulikuwa haujatoka vizuri.

Alichuchumaa pale, magoti yakamlalamikia. Mtu wa kampuni, kama alichukia alama, angeng'oa vigingi vyote. Huyu aling'oa vya kaburi tu, kisha akaliosha.

Hata hivyo alikwenda kwa mhandisi. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni mbovu na ramani ukuta mzima.

"Uligombana na marehemu?"

"Nilimfokea, sikatai. Aliniondolea minara mitano kwa ajili ya tai. Na iliyobaki akataka tuizime kila ndege wanapohama."

"Ukamtoa njiani."

"Afande, bila tathmini yake hatupati kibali! Nilimhitaji akiwa hai kuliko mtu yeyote. Na tulishapatana. Jana jioni nilikuwa mjini, kikaoni na maofisa wa mazingira. Wapigie."

Koplo alitoka nje kupiga simu, akarudi akiwa amenywea. Ilikuwa kweli.

Inspekta aliitazama ramani. "Hapa palipo pekundu, ndipo mtakapochimba?"

"La hasha! Nyekundu ni marufuku. Hata tingatinga halipiti. Tunajenga penye kijani."

Inspekta aliona aibu kidogo, maana na yeye alikuwa ameielewa kinyume. Mjini, ukuta ukipigwa X nyekundu, mwenye nyumba huanza kuhamisha vyombo. Nani asiyelijua hilo?

"Na kiduara hiki ukingoni?"

"Kaburi. Bibi mmoja alisimama mkutanoni wiki iliyopita, akaomba kaburi la binti yake lisiguswe. Bwana Ndege alikubali palepale."

"Binti huyo alikuwa na mume?"

"Ndiye mlinzi wetu."

"Alihudhuria mkutano?"

"Alikuwa zamu. Mlingoti angeulinda nani?"

Inspekta alikitazama tena kile kiduara. Kuna wakati mpelelezi huomba awe amekosea, na wakati huo ulikuwa wake.

Jioni mlinzi aliketi mbele yake katika chumba cha mahojiano. Mezani palikuwa na vigingi vilivyokutwa chini ya kitanda chake, vimefungwa kama vielelezo, pamoja na jiwe lenye damu. Inspekta alimsomea onyo: hana lazima ya kusema, na atakalosema litaandikwa.

"Alama za vidole kwenye vigingi hivi ni zako."

"Ndiyo."

"Na kwenye jiwe?"

Mzee aliitazama mikono yake. "Ni mimi, afande. Sikupanda pale na nia hiyo, lakini ni mimi."

"Nieleze."

"Nilikuwa na nyumba mjini. Siku moja akaja mtu wa barabara na ramani. Nikamuuliza, nyumba yangu vipi? Akasema, 'Imo kwenye mpango, mzee.' Nikafurahi mimi! Nikadhani tumekumbukwa. Wakapiga X nyekundu, tingatinga likaja, tukaanza kulala kwa watu. Mke wangu akaugua hukohuko kwa watu, hakuinuka tena. Nikamzika kule juu. Nilijiambia, huku hakuna barabara itakayomfuata."

"Na jana?"

"Nilimkuta Bwana Ndege anapaka X juu ya jiwe la kichwani pake. Nikamuuliza kwa adabu, hili kaburi vipi? Hata hakugeuka. Akasema, 'Usijali mzee, limo kwenye mpango.' Akachukua kopo lake, akaenda zake mlingotini." Alikitazama kigingi kimoja mezani. "Maneno yaleyale, afande. Sijui nililiokota jiwe saa ngapi."

Koplo aliacha kuandika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini nani amlaumu, na nani amsamehe?

Inspekta angeweza kuishia hapo, kwa kuwa maungamo alikuwa nayo. Aliona hata hivyo kwamba mzee atausikia ukweli wa ile rangi mahakamani mbele za watu, na hilo lingekuwa ukatili zaidi.

"Mzee wangu, nisikilize. Kule kilimani nyekundu si ya kubomoa. Ni ya kukataza. Bwana Ndege alikuwa anamlinda mke wako, asiguswe na mtu. Mama mkwe wako ndiye aliyemwomba."

Mzee alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ngeni.

"Mbona hakuniambia?"

"Alidhani amekwambia."

Alilia bila sauti, paji la uso mezani, kati ya vigingi. Inspekta naye machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha. Hatimaye mzee alisema, "Mama mkwe asijue kwamba ombi lake ndilo... asijue kwamba ndiyo sababu. Nakuomba."

"Siwezi kukuahidi hilo."

Nje kwenye korido, yule bibi wa mkutanoni alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mkwe wake ameitwa kuhojiwa. Alipomwona Inspekta alijaribu kusimama.

"Keti, mama."

"Nimesikia huyo mtaalamu amefariki. Sasa kaburi la binti yangu, mwanangu, litabaki?"

"Litabaki, mama. Hakuna atakayeligusa."

"Mungu amlaze pema yule baba. Alinisikiliza kwa upole, hujapata kuona! Nilikuwa nangoja mkwe wangu ashuke nimwambie mwenyewe, atafurahi. Anatoka saa ngapi?"

Inspekta alivua kofia, akaketi kando yake, akamshika mkono.